Kifungu Kisichokuwepo

Jumatatu, 4 Agosti 1997

Mahakamani tangu asubuhi. Kesi ya pombe ya gongo, kesi ya baiskeli, majirani wa Mkuyuni waliopigana kwa sababu ya mfereji wa maji machafu. Mashahidi wa baiskeli hawakutokea. Hakimu ameniangalia kana kwamba nimewaficha mimi. Nusu ya kazi ya mwendesha mashtaka wa polisi ni kusimama na kuomba tarehe nyingine.

Mchana nimekula mihogo ya kukaanga nimesimama. Jioni Felix alikuwa anasahihisha madaftari ya wanafunzi wake, mimi nasoma mafaili upande wa pili wa meza. Hatukuongea sana. Ndoa ya mwalimu na polisi.

Alhamisi, 7 Agosti

Leo wameniletea mwanamke. Anaitwa Minza. Alikuwa mfumaji kwenye kiwanda cha nguo Nyakato, hapa Mwanza, akapunguzwa na wenzake wakati kiwanda kinatafutiwa mnunuzi. Amekonda mpaka sketi ameifunga kwa kamba. Viganja vimechanika kwa chumvi na mapezi ya samaki. Ameniamkia shikamoo, na sisi hatujapishana sana kwa umri. Nimeitikia tu.

Maelezo yake nimeyaandika mwenyewe. Yeye na mdogo wake, Kwandu, walipanga chumba kimoja huku huku Mabatini. Minza alipopoteza kazi, Kwandu ndiye aliyelisha nyumba kwa kuuza nyanya. Mwishoni mwa mwaka jana mama mmoja wanayemfahamu akawaambia kuna kambi ya samaki ziwani inatafuta wapishi na waosha samaki. Mshahara kila mwezi, chakula na malazi kwa mwajiri. Mtoto wa Minza wakamwacha kwa mjomba wao, wakapanda boti ya injini asubuhi, wamevaa nguo zao za kanisani.

Kambi ilikuwa kisiwani, ng'ambo ya mpaka. Mshahara haukuwepo. Bosi wa kambi aliwaambia: "Mimi nimeshamlipa mama yenu. Mtafanya kazi mpaka niseme basi." Mchana walipasua samaki na kuwaanika. Usiku walikuwa wa mwanamume yeyote aliyetumwa na bosi. Boti zote za pale ni zake, pa kukimbilia hapakuwepo.

Mwezi wa tano Kwandu alichukuliwa kwa boti nyingine kupelekwa kambi nyingine. Minza hajui wapi. Anasema aliingia majini mpaka kiunoni, akaita mpaka boti ikawa haionekani. Baadaye akaugua. Wakaogopa atawafia, wakampakia kwenye boti ya kukusanya samaki iliyokuwa inakuja Mwanza.

Nilimuuliza anataka tufanye nini. Nilidhani atasema mtu afungwe. Akasema, "Nataka Kwandu."

Ijumaa, 8 Agosti

Amemtaja yule mama. Mama Jeni, muuza mitumba wa Mkuyuni. Nikaweka kalamu chini.

Namjua. Gauni la ubatizo la binti yangu Asimwe nilinunua kwake. Ni mwanakwaya wa usharika wetu, anaongoza sauti ya pili. Mume wangu alipolazwa alikuja na uji wa ulezi kwenye chupa ya chai.

Nilimuuliza Minza mara tatu kama ana uhakika. Mara ya tatu aligeukia dirisha. Nimeona haya.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani. Mama Jeni kaimba vizuri kuliko siku zote. Baada ya ibada akanishika mkono nje, akauliza kikohozi cha Asimwe kimeishia wapi. Nikamjibu kwa upole. Mkono wangu uliendelea kuwa mkononi mwake. Hajui bado.

Nimerudi nyumbani nimenawa. Ujinga, lakini nimenawa.

Jumatano, 20 Agosti

Tumemkamata leo. Hakubisha. Aliomba kwanza afunike nguo zake kwa turubai. Kina mama wa sokoni walituzomea: tunaacha majambazi, tunakamata wajane wanaohangaika na watoto. Hawajui kwa nini tumekuja, na mimi sikuruhusiwa kuwaeleza.

Kituoni alikaa wima, mkoba mapajani.

"Niliwatafutia kazi," akasema. "Kumtafutia mtu kazi nako ni kosa siku hizi? Kiwanda kimewatupa nje. Serikali yenyewe imesema kila mtu ajitafutie."

Nikamuuliza Kwandu yuko wapi.

"Muulizeni aliye naye."

Akatambua alichosema. Alifunga mdomo na hakuufungua tena. Kwa hiyo anajua yupo mtu aliye naye. Anajua na jina la mtu huyo, na kisiwa. Jibu lote liko pale, umbali wa meza. Siwezi kulitoa.

Jumanne, 2 Septemba

Siku tatu na kitabu cha sheria. Nimekisoma kama mtu anayetafuta pete kwenye mchanga.

Kuna kifungu cha kumuuza mtu kama mtumwa. Adhabu nzito. Lakini lazima nithibitishe mauzo: nani kauza, nani kanunua. Mnunuzi yuko nchi nyingine, na maneno yake ninayo kupitia Minza tu. Wakili atasema ni ushahidi wa kusikia. Kuna ukuwadi. Kifungu kimeandikwa na Waingereza kwa ajili ya madanguro na wasichana wadogo, na kinamtupa nje mwanamke "mwenye tabia mbaya". Kambi ya samaki siyo danguro, na Minza ana mtoto bila ndoa. Kuna kumfungia mtu isivyo halali, lakini Mama Jeni hakumfungia mtu, alikuwa Mkuyuni anauza nguo. Kuna kazi ya kulazimishwa. Kosa dogo, dogo mno.

Kifungu cha kumdanganya mtu, kumsafirisha na kumkabidhi kwa wanaomtumia, hakipo. Jambo lenyewe lipo, Minza amelipitia mwanzo hadi mwisho. Sheria haina jina lake.

Nimeandika mashtaka mawili. La utumwa, na la kusaidia kazi ya kulazimishwa. Mkuu wangu kasoma la kwanza, akacheka kidogo. "Utumwa, Koku? Mwaka huu?" Nikasema ndiyo afande, mwaka huu.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimepeleka barua kwa wenzetu wa ng'ambo kupitia ngazi za juu, kuomba watafute mwanamke anayeitwa Kwandu kwenye visiwa vyao. Majibu yakija haraka yatakuja mwakani. Nimeuliza boti ya polisi. Haina mafuta, na hata ikiwa nayo haivuki mpaka.

Magugu maji yamejaa mwaloni, pale boti za samaki zinapofikia, ziwa limekuwa kama shamba. Watu wanasimama wanashangaa.

Alhamisi, 18 Septemba

Minza katoa ushahidi. Niliogopa atavunjika. Hakuvunjika. Aliongea chini chini, hakimu akimwambia kila mara apaze sauti. Alipofika pa kuingia majini na kuita, karani aliacha kuandika. Mama Jeni alikuwa anaangalia kucha zake.

Kwa saa moja hivi leo niliamini tutashinda.

Ijumaa, 19 Septemba

Zamu ya wakili wa mshtakiwa. Mtaratibu sana, hakupandisha sauti hata mara moja.

"Ulipanda boti kwa miguu yako?"

"Ndiyo."

"Ulifungwa kamba?"

"Hapana."

"Ulikuwa umevaa vizuri, siyo? Kama mtu anayekwenda anakotaka."

Minza aliangalia sketi yake.

"Baba wa mtoto wako anaitwa nani?"

Nikapinga. Hakimu akasema swali linahusu tabia ya shahidi, ajibu. Akajibu. Akaulizwa yuko wapi. Akasema hajui. Kuna watu walicheka nyuma.

Mwisho wakili kamuuliza kama aliona kwa macho yake fedha ikitoka kwa bosi kwenda kwa Mama Jeni. Minza akaniangalia mimi. Sijui alitaka nimwambie nini. Akasema, "Sikuona."

Nje aliniuliza, "Nimeharibu?" Nikamwambia hajaharibu. Nilidanganya. Siyo yeye aliyeharibu, lakini imeharibika.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimemfuata wakili koridoni. Nikamwambia: mteja wako aseme tu Kwandu yuko wapi, nami nitazungumza na wakubwa, tutaona jinsi ya kupunguza mashtaka.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Siyo mtu mbaya.

"Afande, unauza kitu ambacho huna. Shtaka kubwa litakufa lenyewe, unajua. Dogo ni faini. Sasa mteja wangu aogope nini hata aseme?"

Nilirudi ofisini nikakaa. Hapo ndipo nimeelewa vizuri. Mimi nilikuwa nadhani sheria kali ni ya kumwadhibu mtu baadaye. Kumbe ingenisaidia sasa hivi, wakati Kwandu bado yuko mahali fulani anapasua samaki. Ningekuwa na kifungo cha miaka mingi mkononi, Mama Jeni angeongea kabla ya chai ya saa nne. Sina. Ana haki ya kunyamaza, na kunyamaza hakumgharimu kitu.

Felix kaniuliza jioni kwa nini sili. Nikamweleza. Kasema labda nimwendee kama mama kwa mama, nje ya kazi. Nikamkatalia. Nikienda, wakili atasema nimemtisha mshtakiwa.

Alhamisi, 23 Oktoba

Uamuzi mdogo. Shtaka la kumuuza mtu kama mtumwa: hana kesi ya kujibu. Hakimu kasoma kwa Kiingereza, haraka. Minza hakuelewa, akanigusa bega. Nikamwambia limebaki moja.

Simchukii hakimu. Amefuata kitabu. Ningekaa pale ningesoma hayo hayo. Hicho ndicho kinachoniuma.

Jumanne, 11 Novemba

Hukumu. Amepatikana na hatia ya kosa dogo. Faini au kifungo kifupi. Kaka yake alikuwa tayari mlangoni kwa mhasibu wa mahakama. Sijamaliza kukusanya karatasi zangu, Mama Jeni ameshatoka nje, kina mama wanampigia vigelegele.

Minza alibaki kwenye benchi. Fundi umeme alikuja kubadilisha taa ya chumba, akamwomba asogee. Akasogea. Nilikaa naye. Mvua ilianza kunyesha juu ya bati, ya nguvu, ikawa hatusikilizani. Nilishukuru.

Ilipopungua kasema, "Afande, sasa Kwandu nitamtafuta kwa nani?"

Jumapili, 16 Novemba

Mama Jeni katoa sadaka ya shukrani mbele ya usharika. Kashukuru Mungu aliyemvusha katika majaribu. Watu wameimba naye. Mzee wa kanisa kanisogelea baada ya ibada, kasema kwa sauti ya ushauri kwamba sisi wa dola tusiwe wepesi kuamini maneno ya watu waliokosa kazi.

Nilimwambia mahakama imemtia hatiani. Akasema, "Lakini faini tu, mwanangu."

Hata yeye anapima kosa kwa adhabu. Kila mtu anapima hivyo. Faini ya gongo, faini ya kuuza watu.

Sitaimba tena mwaka huu.

Jumamosi, 20 Desemba

Mvua. Mvua. Watu wameshajifunza jina lake, kila redio inasema Elnino. Nyumba za mlimani zimeporomoka. Chumba cha Minza kimeingia maji, nimempelekea godoro la Asimwe la zamani. Anafanya kibarua Nyakato, anauza mapanki, mifupa ya samaki inayobaki viwandani wakishachukua minofu. Nikamuuliza anawezaje kushika samaki tena. Akasema mtoto anakula.

Kila mtu akitoka ziwani anamuuliza. Anasimama mwaloni na kutaja umbo la Kwandu: mrefu, mweusi, pengo la meno ya mbele, anacheka kwa kuficha mdomo. Wanamwambia visiwa ni vingi.

Jumapili, 4 Januari 1998

Homa. Siku nzima kitandani. Asimwe kaniletea chai yenye sukari nyingi. Amekua. Nilimtazama akitoka mlangoni nikapata hofu isiyo na maana.

Jumatano, 11 Februari

Wageni kutoka Dar wamekuja kusikia maoni kuhusu muswada wa sheria ya makosa ya kujamiiana. Ndani yake kuna kifungu cha biashara ya watu. Mkuu wangu kanituma mimi, nadhani ili nimwache apumzike na hili jambo. Nilimchukua Minza.

Ukumbi ulikuwa na joto. Waliongea wanasheria, watu wa ustawi wa jamii, mchungaji mmoja. Nami nikaongea. Nilisema mambo mawili. Kwamba mtu aliyedanganywa asiambiwe alikwenda kwa miguu yake. Na kwamba mwanamke akiuzwa asiulizwe baba wa mtoto wake ni nani.

Kisha Minza akasimama. Alianza kwa Kiswahili, akakwama, akaomba radhi, akaingia Kisukuma. Mimi Mhaya, sikuelewa neno zaidi ya jina la mdogo wake. Aliongea muda mrefu. Kulikuwa na mama mzee mstari wa mbele, Msukuma, alianza kulia bila kujifuta. Aliyetafsiri alisema, "Anasema walitendewa vibaya na anaomba serikali isaidie." Hayo tu. Mgeni mmoja akayaandika.

Nilitaka kusimama niseme hakusema hayo tu. Sikujua alisema nini.

Tukirudi nikamuuliza. Kasema aliwaeleza jinsi Kwandu alivyokuwa anasuka nywele za wanawake wote kambini siku za Jumapili, hata waliokuwa wagonjwa, ili wasisahau kuwa wana watu kwao.

Ijumaa, 13 Machi

Kwandu amefariki.

Habari imeletwa na mama mmoja wa Ukerewe anayenunua dagaa visiwani. Minza alishamwuliza zamani, naye akakumbuka. Kafika kituoni mwenyewe, kaniuliza mimi ndiye askari wa yule dada. Kaniambia kwenye kambi moja anakonunua kulikuja kipindupindu wakati wa mvua kubwa, mwezi wa kwanza. Wengi walikufa. Mmoja alikuwa dada wa Mwanza, mrefu, mwenye pengo, anayesuka. Walizikwa siku hiyo hiyo nyuma ya vichanja vya samaki. Boti ya kumpeleka hospitali ilikuwepo. Haikuruhusiwa.

Mwezi wa kwanza.

Hukumu ilikuwa mwezi wa kumi na moja. Alikuwa hai. Tulipokuwa tumekaa kwenye lile benchi mimi na Minza, alikuwa hai.

Jumamosi, 14 Machi

Nimemwambia. Nilivaa nguo za nyumbani, nikaona sare itamtisha. Aliniona tu kwenye kona ya uchochoro akajua. Alikuwa anafua. Aliendelea kufua ile nguo, akaikamua, akaianika. Halafu akakaa chini kwenye tope.

Majirani wakaja. Sikuondoka mpaka mchana ulipoisha. Hakuna mwili, kwa hiyo hawakujua waweke wapi vilio vyao. Mjomba wao kutoka Magu atakuja kuamua kuhusu matanga.

Jumatatu, 16 Machi

Nilikwenda sokoni. Sikuaga ofisini. Kesi imeisha, hakuna wakili wa kunizuia.

Mama Jeni alikuwa anakunja nguo za watoto, anazipanga kwa ukubwa. Nilisimama mbele yake.

"Kwandu amekufa."

Mikono ilisimama, kisha ikaendelea.

"Pole yao," akasema.

"Ulijua alipokuwa."

"Mama Asimwe, mimi nilimtafutia kazi. Kipindupindu sikukileta mimi."

"Nilikuuliza mwezi wa nane. Ungesema, angekuwa hai."

Aliinua uso. Kwa mara ya kwanza nilimwona mzee. "Ningesema ningepata nini?" Hakuwa ananikejeli. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli. "Wale watu wana ndugu mjini humu. Ningesema wangenichoma na banda langu. Nimenyamaza, nimelipa faini. Wewe ungefanyaje?"

Nilimwambia nisingewapeleka. Nikaondoka. Mteja alikuwa anangoja bei ya sweta.

Nilitaka kumpiga. Naandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia mtu. Nilitaka kumpiga mbele ya watu wote na sare yangu.

Jumapili, 29 Machi

Matanga yamekwisha. Mjomba ameamua Kwandu aombolezwe kama kawaida, bila kaburi. Minza amenyolewa nywele. Mtoto wake anaogopa kumshika kichwa.

Kanisani nimehamia benchi la nyuma. Nikimaliza kusali natoka kabla ya matangazo.

Alhamisi, 14 Mei

Gongo. Baiskeli. Mtu kamwagia mwenzake maji ya moto Mkuyuni. Nimeomba tarehe.

Nimeona wanawake wawili wadogo pale kwenye meza ya Mama Jeni, mabegi miguuni. Nilisimama ng'ambo ya barabara mpaka walipoondoka. Walikuwa wananunua nguo tu. Au waliniona.

Jumatano, 22 Julai

Sheria imefika. Nakala moja kwa ofisi nzima, karatasi bado zinanukia wino. Nimeisoma kwa kusimama. Kununua, kuuza au kubadilishana mtu kwa fedha au kwa kitu kingine chochote. Ni kosa lenye jina lake. Kifungo cha miaka mingi, miaka ya kumfanya mtu aongee.

Kisha nikaendelea kusoma mstari ule ule. Wameandika: au faini.

Nilikwenda kwa mkuu nikamwonyesha. Kasema hakimu mwenye akili hatachagua faini. Kasema ni hatua. Ni kweli ni hatua. Nilimuuliza, najua jibu, lakini niliuliza: tunaweza kumrudisha Mama Jeni? Akatikisa kichwa. Alichokifanya kilifanyika kabla. Sheria hairudi nyuma.

Nimetoka nje, nimelia nyuma ya jengo karibu na tangi la maji. Sijalia tangu Machi. Baadaye nikanawa uso, nikarudi kwenye kesi ya ng'ombe.

Ijumaa, 31 Julai

Nimepangiwa kuwafundisha waendesha mashtaka wa wilayani kifungu kipya. Wamekuja wa Sengerema, Geita, Magu. Kijana mmoja kauliza, kwani mambo haya yapo kweli huku kwetu, siyo ya Ulaya? Niliwaeleza habari ya Kwandu bila kutaja jina lake. Kisha nikawaambia la kufanya: msiulize kwanza nani afungwe. Ulizeni kwanza mtu yuko wapi. Mbaneni mshtakiwa kwa hiyo miaka, mapema, mtu akiwa bado hai.

Waliandika wote.

Jumapili, 9 Agosti 1998

Mchana nimekwenda kwa Minza. Nywele zimeota, fupi. Alikuwa anapika dagaa kwenye jiko la mkaa nje ya mlango, mtoto amelala ndani. Tukasalimiana, tukaongea habari za bei ya mkaa.

Nikamwambia sheria imetoka. Kasema alisikia redioni, lakini alitaka aisikie yenyewe. Nilikuwa nimenakili kile kifungu. Ni Kiingereza, kwa hiyo nilimsomea kwa Kiswahili, taratibu, neno moja baada ya jingine. Aliacha kukoroga. Nilipomaliza akaniomba nirudie pale pa kununua na kuuza. Nikarudia.

"Wameandika kuuza," akasema.

"Ndiyo."

"Wakili yule aliniuliza kama niliona fedha. Hapa wanasema fedha au kitu kingine."

"Kitu kingine chochote."

Akauliza kama yeye na Kwandu nao wamo. Nikamwambia hapana, nikamweleza kwa nini. Hakubisha. Sikumsomea habari ya faini. Akaniuliza adhabu, nikamwambia miaka. Ile sehemu nyingine nimebaki nayo mimi.

Tulikaa. Kwa majirani redio ilikuwa inatangaza mpira. Baadaye akasema Kwandu angekuwepo angeitwa shahidi, na angeichekesha mahakama nzima, maana hakuwa anajua kuongea chini chini kama yeye.

Nilicheka. Na yeye akacheka, kisha akajifuta macho kwa mgongo wa mkono, akaipua sufuria na kwenda kumwamsha mtoto ale.